Kingo za Kabati la Mama

Pasi yangu haikushikwa na mtu mwingine. Hilo watu wa barabara yetu walilijua kabla hata ya kunijua mimi. Ilikuwa pasi ya makala, nzito, yenye jogoo mdogo wa chuma juu ya kifuniko, na kwa pasi hiyo nilinyoosha mashati ya wanakwaya, sare za shule, suti za mabwana harusi, na siku moja kitambaa cha altare chenye maua pande zote nne. Nilikuwa na kibanda changu hapa Goma, kando ya njia, mbele ya nyumba yetu, meza moja iliyofunikwa blanketi na kikombe cha maji. Maji niliyajaza mdomoni, nikayapuliza juu ya nguo, fuu! yakatoka kama ukungu, ndipo pasi ikapita. Wateja wengine walikunja uso. Niliwaambia, kama unaogopa mate yangu, vaa nguo yako na mikunjo yake.

Mwaka ule vita viliposhuka kutoka upande wa Bunagana vikafika mashambani Kibumba, mama yangu alikimbia pamoja na kijiji kizima. Wenzake walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Mama alibeba kabati. Sisemi mzaha. Alilifungua skrubu moja moja huku mizinga ikilia mlimani, akazifunga mbao zake kwa mipira ya baiskeli, akampata baba mmoja mwenye chukudu, lile gari letu la mti lenye magurudumu mawili, akamwambia asukume. Lilikuwa kabati la nguo, gaderobe tunavyoita sisi, la milango miwili, alilolinunua baada ya baba kufariki, kwa kabichi alizolima kwa mikono yake. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwake bila kuambiwa kwamba kabati lile mama hakununuliwa na mtu.

Alifika Kanyaruchinya, kambini, na huko mbao za kabati zikawa ukuta wa kibanda chake cha turubai. Sasa, mbao zile si za mti mzima. Ni zile za kiwandani, za unga wa mbao uliogandishwa, zimevishwa ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, na kwenye kingo zimefungwa utepe ambao mafundi wetu wanauita bande. Utepe ukibanduka, ubao hunywa maji kama mkate ndani ya chai. Mvua ya miezi mitano ilizila kingo zile. Ilikula na kifua cha mama. Nilipokwenda kumchukua, alikuwa akikohoa mpaka anajishika magoti, na hata hivyo alikataa kupanda pikipiki mpaka aone mbao zake zimepakiwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, ya mbao, sebule na chumba kimoja cha kulala. Mama nilimtandikia sebuleni. Mume wangu alikuwa Butembo katika biashara zake, njia ilikuwa mbaya, lakini angeweza kurudi wiki yoyote. Mama alikaa kwangu wiki tatu. Kikohozi kikaanza kupungua, mashavu yakaanza kurudi, nami nikaanza kujisifu kwa majirani. Halafu Alhamisi moja, akiwa anamenya viazi, akasema bila kuinua macho:

“Lundi narudia Kanyaruchinya.”

“Mama! Kifua yako haiyapona bado.”

“Kifua ni yangu. Lakini hii nyumba ni ya bwana yako. Akirudia, akute mama mukwe analala mu salon? Atoke asubui kwenda kunawa, anione na kitambaa ya kulalia? Hapana, mutoto wangu. Batu batanicheka mpaka Rutshuru.”

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Atakuja, atapewa kiti, atakunywa chai, atamwuliza mkwe habari za safari huku anaangalia pembeni, kisha ataaga. Kuonana mmetoka kulala ni aibu kwa wote wawili. Niliyajua hayo tangu utotoni, na siku ile niliyachukia kwa moyo wangu wote. Mvua kubwa zilikuwa zinarudi. Mama akilala tena chini ya turubai, ningemzika kabla ya mavuno.

“Na mbao zangu narudia nazo,” aliongeza. “Kule zinanikingia upepo.”

Hapo akili ikanijia, nikasimama wima kwa furaha. Mama nilimjua. Kitu kizuri hakiweki mvuani, hata sahani yenye ua huiweka juu ya kabati isiguswe. Mbao zile alizigeuza ukuta kwa kukosa pengine, na sasa alikuwa tayari kuzirudisha kwa sababu zilikuwa zimekwisha haribika. Lakini kabati likipona, likasimama na kung’aa kama siku alipolinunua, hataweza kulirudisha kwenye matope. Litabaki kwangu. Na likibaki, mwenyewe ataliacha vipi? Nikamwambia anipe hadi hiyo lundi yake, Jumatatu, nimtengenezee kabati lake. Akanitazama, akacheka kidogo puani, akaendelea na viazi vyake.

Seremala wetu alikuwa mzee mmoja aliyetoka milima ya Masisi, karakana yake ilikuwa kwenye kona, hatua ishirini kutoka kibanda changu. Alikuja Ijumaa asubuhi, akaziegemeza mbao ukutani mwa nje, akazigonga kwa kidole moja moja kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa.

“Mama, hizi mbao haziyakufa,” aliniambia. “Yenye kufa ni kingo tu. Na bande niko nayo, rulo moja ilibakia. Iko na kole yake nyuma, ukiipatia moto inashika.”

“Basi tuanze, muzee!”

“Tuanze na nini? Umeme haiko tangu wiki moja. Mashini yangu imelala.” Akageuka akatazama kibanda changu, akatazama pasi. “Leta pasi.”

“Pasi yangu haishikwi na mutu.”

“Basi leta pamoja na mwenye pasi.”

Ndivyo nilivyoingia useremala. Niliwafukuza wateja wa siku hiyo wote, hata yule bwana aliyekuwa na ubatizo wa mwanawe. Nilijaza makala, nikapepea, nikasubiri jogoo awe wa moto. Kazi ya kwanza ilikuwa kuutoa utepe wa zamani. Fundi alinionyesha: unapitisha pasi polepole, gundi ya kale, kole anavyoiita yeye, inalainika, yeye anaingiza kisu chini, na utepe unatoka mzima, mrefu, kama ngozi ya nyoka. Jamani, raha niliyoisikia! Nilipiga kelele kila utepe mmoja ulipotoka. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani, anatuangalia kama mtu anayeangalia watoto wakicheza na udongo.

Fundi akapima utepe mpya, akauweka kwenye ukingo wa mlango wa kulia, ule upande wa bawaba, akaniambia, “Sasa pasi, pole pole,” kisha akageuka kuchukua kipande cha mbao cha kukandamizia.

Mazoea yana taabu. Mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua kikombe, mdomo ukajaa maji, na fuu! nikaunyunyizia ubao wote, ukingo na utepe, halafu nikabandika pasi juu kwa nguvu zangu zote kama ninayenyoosha kola ya padri. Mvuke ukapanda. Nikaona ukingo unaumuka mbele ya macho yangu, polepole, kama andazi kwenye mafuta. Utepe ukajikunja, ukaanguka chini.

“Mama!” Fundi alishika kichwa. “Unanyoosha shati?”

“Si ungeniambia, muzee!”

“Nani anaambiaka mutu asimwagie gaderobe mate?”

Nyuma yetu nilisikia sauti nisiyoisikia tangu vita vianze. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akakohoa, akajifuta macho, akaanza tena. Ningependa kusema nilifurahi. Hapana, nilikasirika sana, uso ulikuwa unawaka kuliko pasi. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu sehemu iliyoumuka ndiyo iliyokuwa ikishika bawaba. Mlango usiposhika bawaba, hakuna kabati. Kungebaki mbao, na mbao zingerudi kambini na mwenye nazo.

Fundi hakukata tamaa. Mitaa yetu imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe yale jua likipiga huwa ya moto kama jiko. Tuliulaza mlango juu yake mchana kutwa, tukiugeuza kama chapati. Ulipokauka, akaparua uvimbe kwa randa, akapitisha msasa, akachanganya unga wa mbao na gundi nyeupe mpaka ukawa ugali mzito, akaziba mashimo yote. Akabana ukingo kati ya vipande viwili vya mbao, akauzungushia mipira ya baiskeli, ile ile iliyokuja na mama kutoka Kibumba, akaweka jiwe kubwa juu.

“Kesho njo tutajua,” alisema.

Jumamosi niliufikia ule mlango kabla yake. Nililigusa lile jeraha kwa ukucha, lilikuwa gumu kama mfupa. Nikaruka! Fundi akalipiga msasa likawa sawasawa, akalitoboa upya kwa ajili ya skrubu, akatikisa kichwa akiridhika. Mama, bila kuambiwa na mtu, alikuja akachukua kikombe changu cha maji, akakaa nacho mapajani asubuhi nzima kama askari wa mpakani.

Sasa nilijua. Utepe juu ya ukingo, karatasi kavu juu ya utepe, pasi inapita mara moja, haisimami, hairudi nyuma. Ikienda haraka gundi hailainiki, ikichelewa ngozi ya ubao inafura. Mkono wangu wa miaka kumi na miwili ya mashati ulielewa upesi kuliko kichwa. Harufu ya gundi ilipanda, tamu kidogo, na hapo hapo fundi akakandamiza kwa kipande chake cha mbao akitembea nyuma ya pasi yangu hatua kwa hatua. Ukingo uliokuwa umechanika, mchafu, wenye matope ya kambi, ukafungika. Ulikuwa mpya! Nilitaka kumwita kila apitaye njiani. Niliwaita. Mama muuza mkaa alikuja, mwenye duka la vocha alikuja, mwendesha pikipiki mmoja akasimama na abiria wake nyuma.

Lakini utepe ulikuwa mpana kuliko ubao. Uliobaki pembeni lazima ukatwe, na hapo ndipo fundi alipoonyesha udhaifu wake. Patasi yake ilikuwa butu, mkono wake ulikuwa na haraka, na mara mbili aliumega utepe ukatoka na meno. Mara ya tatu mama akaweka kikombe chini.

“Muzee, unauwa kitu yangu,” alisema. “We, leta kisu yangu ya biazi.”

Nilimletea. Ni kisu kidogo, kimenolewa hadi kimebaki nusu ya upana wake. Mama aliketi na mlango mapajani, akaweka kidole gumba kwenye ubao, kisu kikalala, kikaanza kutembea. Hakukata, alimenya. Ganda la utepe lilitoka jembamba, jembamba, likajizungusha, likaenda mpaka mwisho wa mlango bila kukatika hata mara moja. Alipitisha kiganja juu ya ukingo, hakukuwa na mahali panapokwaruza.

“Mama muzee,” fundi alisema kwa heshima kabisa, “mulijifunza wapi?”

“Ku biazi,” mama alijibu. “Na usimenye ikingali moto. Ngojea ipoe.”

Kuanzia hapo tulikuwa watatu, na kazi ikaenda kama wimbo. Mimi pasi, fundi kukandamiza, mama kisu. Alitugombeza wote wawili. Alimwambia fundi asimame vizuri, akaniambia mimi nimpe nafasi, akamwambia mwendesha pikipiki aondoe kivuli chake. Nilikuwa nimelowa jasho, nywele zimejaa majivu, na sikumbuki siku nyingine ya miaka ile ya vita niliyofurahi namna hiyo. Moyoni nilikuwa ninasema: haendi. Mtu anayegombeza watu hivi haendi popote.

Jumapili baada ya Misa tulilisimamisha sebuleni. Bawaba zikashika. Fundi akafungua mlango wa kulia, ule niliouumua mwenyewe, akaufunga. Ukasema tap, mlio mdogo, mzito, wa mlango unaojua mahali pake. Nilicheza! Nilicheza na nguo zangu za kanisani, majirani wakapiga makofi mlangoni. Mama alilizunguka kabati, akipitisha vidole kwenye kila ukingo, juu, pembeni, chini kabisa alipolazimika kuchuchumaa. Aliposimama macho yalikuwa yamejaa.

“Iko muzuri,” alisema. “Kuliko hata siku niliinunua na feza ya kabichi.”

“Sasa haiwezi kurudia mu mvua,” nilisema upesi.

“Kweli. Haiwezi.” Akanigeukia. “Ibakie hapa. Nakupatia. Itakuwa yako na bwana yako. Mi kesho naenda.”

Majirani waliona uso wangu, wakaaga mmoja mmoja. Mimi niliyejiona mjanja! Nilikuwa nimelitengeneza kabati vizuri mpaka likastahili kupewa kama zawadi, na mama akapata kitu cha kuniachia aende zake bila deni. Nilisubiri mlango ufungwe, ndipo nikalipuka.

“Nilishinda siku tatu na moto mu mikono juu ya gaderobe, mama? Nguo zangu zinaenea mu sanduku! Ni weye ninakutaka. Ukikufa kule Kanyaruchinya, nitaifungua hii milango niangalie nini ndani?”

Sikuwahi kumpandishia mama sauti. Alikaa kwenye kigoda, akatazama godoro lake lililokunjwa kwenye kona ya sebule, karibu na mlango ambao mume wangu angepitia.

“Na bwana yako?” aliuliza, kwa upole sana. “Akirudia nitaweka macho wapi? Na yeye ataweka yake wapi?”

Nilitoka nje, nikamwaga majivu ya pasi ambayo nilikuwa nimekwisha kuyamwaga.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na kanzu za padri za kupeleka parokiani. Mama aliniambia niende tu. Nilijua ananitoa nyumbani ili asinione nikilia, nami sikutaka kumuaga, nikajifanya mtu mwenye haraka. Njia nzima nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu aliyekuwa hana kosa lolote, nikaikasirikia na ile adabu yetu nzuri inayoweza kumlaza mwanamke mzee kwenye matope. Kule parokiani walinisifu kwa mistari ya pasi, sikusikia.

Niliporudi, nilikutana na fundi kwenye kona. Alikuwa na wanaume wawili wa karakana yake, wote wanapangusa jasho.

“Amekwenda?” nilimwuliza.

“Nani?”

“Muzee, usinichezee leo.”

“Ingia uangalie mwenyewe, mama,” alisema, na wale wawili wakaangalia pembeni wakizuia kicheko.

Nilikimbia. Nilisukuma mlango wa nyumba na nusura nigonge uso. Sebule ilikuwa imekatwa katikati. Mbele yangu, pale ambapo asubuhi palikuwa na nafasi tupu na kigoda, palisimama mgongo wa kabati, mpana, mrefu karibu kufika dari, toka ukuta wa kushoto ukienda kulia. Upande huu vilibaki meza yetu, viti viwili na mlango wa chumba chetu cha kulala. Upande wa pili sikuweza kuona kitu, maana kwenye upenyo uliobaki kati ya kabati na ukuta wa kulia palining’inizwa kitenge cha mama, kimefungwa juu kwa mpira wa baiskeli. Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa huko nyuma, kisha mlio wa vining’inizio vya nguo, kimoja, kingine, kingine.

Nilinyoosha mkono kukivuta kitenge niingie.

“We!” Sauti ya mama ilinisimamisha. “Usiingie hivi. Hata bwana yako hataingia hivi. Piga hodi.”

Nilishika kabati, machozi yananishuka mpaka shingoni, ninacheka, ninalia, sijui kipi ni kipi. Nikakunja ngumi, nikagonga kwenye ubao.

“Hodi, mama.”

Alimaliza kwanza kuning’iniza nguo aliyokuwa nayo mkononi, kama mwenye nyumba yeyote anayebishiwa hodi akiwa na kazi zake.

“Karibu,” alisema.